Mngoni Kajaza Fomu

Mie nina hasira za karibu, sikatai, mtaa mzima wa Keko unanijua. Lakini kwa lile alilonifanyia Valerian mwezi wa kumi, hata mtawa angerusha kitu. Mie nilirusha gundi. Kopo zima la gundi ya mbao, na namshukuru Mungu nilimkosa, likampata mteja wa kabati begani. Kabati hakununua.

Nianze mwanzo, msije mkasema mama Noela kachanganyikiwa.

Valerian, mume wangu, ni fundi seremala. Mngoni, tena wa Peramiho kabisa, siyo wa kubahatisha. Anachonga vitanda, meza, makochi, na karakana yake iko hapohapo barazani kwetu. Nyuma tunalala, mbele tunauza, na mpaka wa mbele na nyuma hakuna anayeujua. Mie nashona vitambaa vya makochi. Tuna mtoto mmoja tu, Noela, ana miaka kumi na mitatu, kamaliza la saba mwaka huu. Ana akili huyo mtoto mpaka nikimwangaliaga najiuliza kazitoa wapi, maana kwa baba yake hazikuwepo na mie mwenyewe nilizonazo zinanitosha peke yangu.

Shida yake ilikuwa moja. Hana pa kukaa.

Mnacheka? Mtoto wa seremala hana pa kukaa! Kochi ukilikuta kwetu ujue lina mwenyewe, au linamtafuta. Mteja anaingia, anabonyeza mto, anauliza bei, na Noela ananyanyuka na daftari lake kwapani. Baba yake alimchongea meza ya kusomea, ya mninga, ina droo mbili. Akaiuza. Akachonga nyingine, akaapa kwa jina la mama yake kwamba hiyo haiuzwi. Akaiuza. Ya tatu aliiuza mtoto akiwa ameiegemea anafanya hesabu za sehemu. Mteja akasema nataka hiyohiyo, naona inahimili. Ya nne sitaki hata kuizungumzia. Kuna siku Noela alirudi toka shule akakuta godoro lake liko sakafuni, kitanda kimeshapakiwa kwenye guta kinaelekea Tandika. Hakulia. Alivua viatu, akapanda kwenye godoro, akafungua kitabu.

Sasa mtoto huyu hajawahi kuomba kitu. Siku moja nashona, akaja akasimama pembeni ya cherehani, akasema, "Mama, mie nataka shule ya bweni."

"Kisa nini? Hapa huli?"

"Nakula. Ila kule kitanda kinakuwaga na namba."

Jamani. Nilikanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika. Nikamwambia, mwanangu, bweni utakwenda, hata kama ni mie nitakayeingia kwenye huo usaili kukujibia.

Shule tuliyoichagua ni ya wasichana watupu, inaitwa Mtumbati, huko mbele ya Mbagala njia ya Kilwa. Ada tulishajipanga. Ugumu ulikuwa kuingia: nafasi arobaini, waombaji zaidi ya mia sita. Unajaza fomu kwanza, fomu ikiwapendeza ndipo wanakuita usaili, wewe, mumeo na mtoto. Isipowapendeza hupigiwi hata simu. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kwenye ile fomu.

Nikaipeleka kwa Bwana Matar, mwenye duka la steshenari pale kona. Baba yake aliuza madaftari palepale, na babu yake nadhani aliuza kalamu za unyoya. Fomu zote za Temeke zinapita mikononi mwake, basi anajiona yeye ndiye wizara.

"Mama Noela, kwenye fomu za bweni kubwa kuliko yote ni picha," akaniambia. "Nyuma rangi ya buluu, na masikio yaonekane yote mawili. Lahaula, nimeona watoto wana akili wamekosa shule kwa sababu ya sikio."

Mwalimu Fredrick, anayewafundisha twisheni watoto wa mtaani kwetu, alikuwa pale anatoa kopi. Akadakia, "Picha wapi! Kubwa ni wastani. Wastani ukiwa mzuri hata uso usionekane."

Wakabishana kuhusu sikio na wastani robo saa nzima, na mie nimesimama na fomu yangu jua linaniingia utosini. Nikawaambia nyamazeni wote wawili. Nikafungua ukurasa wa nne, nikawaonyesha swali la kumi na saba, maana hayo mengine kumi na sita nilishayamaliza mwenyewe. Liliandikwa hivi: "Mzazi ajibu kwa mwandiko wake mwenyewe. Ni jambo gani kubwa kuliko yote tunalopaswa kulijua kuhusu mtoto wako?" Chini yake mistari kumi mitupu.

"Ah, hilo jibu ninalo," Bwana Matar akasema, akabonyeza kompyuta yake, mashine ikatema karatasi. "Wewe kopi tu kwa mkono."

Nikasoma. Mtoto wangu ni mcha Mungu, msikivu, mchapakazi, anapenda usafi na ana ndoto ya kuwa daktari.

"Noela hajawahi kusema anataka udaktari," nikamwambia.

"Anataka kuwa nani?"

"Hajasema."

"Basi daktari. Wote wanaandika hilo, mama Noela, kuanzia Keko mpaka Mbagala Rangi Tatu. Halijawahi kukataliwa."

Nikaichukua. Kosa langu ni kwamba mwandiko wangu mbaya, unafanana na mshono wa mtu mwenye haraka. Valerian yeye alisoma seminari miaka miwili kabla hawajamrudisha nyumbani kwa sababu ya mdomo wake, na mwandiko walimwachia. Jumapili baada ya misa nikamkabidhi fomu na ile karatasi ya Matar. Nikamwambia, baba Noela, kopi haya maneno kama yalivyo. Usiongeze, usipunguze.

"Mie nikopi?" akasema. "Mie fundi. Kochi la kukopi tu sitaki, sembuse mtoto."

"Valerian!"

"Sawa, sawa. Nimesikia."

Akaenda kukaa na Gaudens, fundi mwenzake wa karakana ya jirani, Mngoni naye. Nikawaona wameinamia fomu wanacheka. Nikajua wanacheka mpira. Jioni akaniletea bahasha imefungwa. Haikufungwa kwa mate kama za watu. Aliipaka gundi ya mbao, eti imara. Ungetaka kuifungua ungehitaji tindo.

Jumatatu asubuhi nikaipeleka kwenye ofisi yao ndogo ya mjini, iko Mwananyamala, nikampa dada wa mapokezi anaitwa Nawal, mpole, mkono una hina mpaka kwenye kiwiko. Akanigongea muhuri. Nikarudi Keko nimejaa furaha, hata nikanunua maandazi ya mafundi wote.

Nafika, nakuta mafundi hawana mbavu. Mmoja amelala kwenye mbao, mwingine ameshika tumbo. Katikati yao Gaudens amesimama juu ya stuli anatamka, mkono mmoja hewani kama katekista:

"'Jeneza lako nitalichonga mwenyewe, nitalipunguza futi moja makusudi!'"

"Jeneza la nani?" nikauliza.

Randa ikazimwa. Mjue randa ya Keko haizimwagi, hata mwenge ukipita.

"La Mhehe, shemeji," Gaudens akasema, anashuka taratibu. "Mkuu wa shule."

Hapo ndipo nilipoelezwa. Valerian alipofika swali la kumi na saba akaona chini ya ukurasa pameandikwa: Fomu irudishwe kwa Mkuu wa Shule, E. Kihwele. Kihwele! Jina la Iringa hilo, Mhehe huyo, mtani wake! Nyie mnajua Wangoni na Wahehe walivyo. Walipigana zamani mababu zao, kila upande unasema wenyewe ndio walioshinda, na mpaka leo wakikutana lazima watukanane ndipo wasalimiane. Mngoni akimwona Mhehe ni kama kaona sahani ya ugali. Mume wangu alipoliona lile jina, karatasi ya Matar akaifanya ya kufutia vanishi.

"Mama Noela, elewa," Valerian akaniambia. "Kubwa kwenye mambo haya ni kujuana. Waombaji mia sita, nani atakumbukwa? Mtani wake! Mhehe akisoma vile atacheka, atasema huyu ni mtu wangu, mlete mtoto."

"Sie Wamwera utani tunao," nikamwambia, "ila hatuujazi kwenye fomu!"

Hapo ndipo kopo la gundi liliporuka.

Sikungoja mteja ajifute. Nikageuka na khanga yangu hivyohivyo mpaka Mwananyamala. Nikamwambia Nawal, mdogo wangu, naomba ile bahasha, nimesahau kitu. Akasema, "Pole dada, gari la shule limeondoka nazo saa sita. Mama mkuu anazisoma mwenyewe, moja moja."

"Mama? Mkuu wenu ni mwanamke?"

"Ndiyo. Mama Elinaza."

Nikaegemea meza yake. "Elinaza siyo jina la Kihehe."

"Mhehe wapi! Mpare wa Same yule. Kihwele lilikuwa jina la mumewe, maskini." Akashusha sauti. "Marehemu. Walimzika mwezi wa sita, hapo makaburi ya Kinondoni. Mama bado hajakaa sawa."

Nilikaa chini. Siyo kwenye kiti, chini. Mume wangu kamwandikia mjane wa miezi minne kwamba jeneza lake atalipunguza futi moja. Na huyo mjane ndiye aliyeshika kitanda cha mwanangu chenye namba.

Siku zilizofuata nyumba yetu ilikuwa ya ajabu. Mie nilisema mpaka sauti ikakauka. Nilimsema Valerian asubuhi, nikamsema mchana, usiku nikamsema mgongo wake. Gaudens naye nilimsema, akahamishia meza yake ya kazi ng'ambo ya barabara. Noela alipoambiwa alimwangalia baba yake, akauliza, "Uliandika hayo kwenye fomu yangu?" Valerian akajibu ndiyo, mwanangu, lakini. Noela hakungoja kinachofuata baada ya lakini. Akaacha kuongea naye. Shikamoo anampa, chakula anamtengea, maji ya kuoga anampelekea. Neno la ziada, hakuna. Siku tatu, wiki, wiki ya pili. Valerian alianza kutania mbao.

Siku ya kumi na nane simu ikaita. Nawal. "Mnaitwa usaili Ijumaa, saa nne. Mtoto na wazazi wote wawili." Nikapiga kigelegele. Akaongeza, "Mama mkuu kasema baba asikose. Kasema hivyo mara mbili."

Kigelegele kikanirudi kooni.

Ijumaa Valerian alivaa kaunda suti aliyofungia ndoa, kifungo cha tumboni kimekaza roho. Nilimwapisha njia nzima. Ukifika kule neno lako ni shikamoo na asante. Ukiulizwa jina lako, nitajibu mie. Akaitikia kama mtoto wa komunyo.

Mama Elinaza Kihwele ni mwanamke mrefu, mwembamba, miwani imening'inia kwenye mnyororo, sura haina mchezo. Juu ya meza yake kulikuwa na rundo la fomu limefika kidevuni mwake, na pembeni, peke yake, fomu moja yenye madoa ya gundi. Valerian akaamkia shikamoo akiwa bado mlangoni, tukaketi.

"Wewe ndiye Valerian Ngonyani?"

"Ndiye," nikajibu mie.

"Namuuliza yeye, mama." Akavaa miwani, akaishika ile fomu, akaanza kusoma. Kwa sauti! Sauti ya mwalimu wa imla, taratibu, bila kukosa nukta:

"'Wewe Mhehe, mtumwa wangu, pokea salamu za Mngoni bwana wako. Nimesikia wamekupa shule uiongoze, nikacheka mpaka randa ikanidondoka. Swali lako nimelisoma. Jambo kubwa la kujua kuhusu mtoto huyu ni kwamba ni binti wa bwana wako, kwa hiyo mtandikie kitanda mwenyewe na maji ya moto umpelekee. Ukimkataa, kumbuka mie ni seremala. Siku ukifa jeneza lako nitalichonga mwenyewe, nitalipunguza futi moja makusudi, uende umekunja magoti kama ulivyokuwa unamkimbia babu yangu.'"

Niliangalia sakafu nikitafuta pa kuingilia. Noela alikuwa amefumba macho. Valerian akasahau kiapo chote.

"Mama, nisamehe. Mie nilijua ni Mhehe. Sikujua kuna msiba. Ningejua, haki ya Mungu mkono ungekauka."

"Nilipoisoma mara ya kwanza nilitaka kukuitia polisi," Mama Elinaza akasema. "Nikampelekea shemeji yangu, mdogo wake marehemu, aniambie polisi wa wapi. Akaisoma. Akacheka mpaka akakaa chini, halafu akalia. Sijawahi kumwona yule mtu akilia, hata siku ya kuzika." Akavua miwani akaifuta na kitambaa, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyochafuka. "Tulizika kimjini. Suti, miwani myeusi, ratiba imechapwa. Shemeji anasema Mhehe mzima kaingia kaburini hakuna hata Mngoni mmoja wa kumtukana, wala wa kuzuia jeneza, wala wa kusema huyu alikuwa na deni langu. Anasema tulimzika kaka yake kama mgeni. Mie Mpare, sikujua kama kuna kitu kimepungua. Tarehe ishirini tunaweka msalaba. Utakuja?"

"Nitakuja, mama," Valerian akasema, sauti ndogo.

"Na huo mdomo uje nao."

"Nitakuja nao wote."

Mie nikashusha pumzi, nikaanza kutabasamu, nikawa kichwani nimeshamnunulia mtoto ndoo na tranka. Mama Elinaza akaniona. "Mama, ngoja kwanza. Hayo ni ya makaburini. Hapa nina nafasi arobaini na sigawi kwa matusi wala sinyimi kwa matusi. Hili jibu lenu limewapa kitu kimoja tu, kuitwa. Unajua kwa nini?" Akapiga rundo kwa kiganja. "Kwa sababu humu nina wasichana mia tatu na kitu wote ni wachamungu, wasikivu, wachapakazi, wanapenda usafi na wanataka kuwa madaktari. Neno kwa neno. Nikasema angalau huyu kazaliwa na mtu."

Nikamlaani Matar kimoyomoyo mpaka babu yake.

"Lakini swali langu halijajibiwa," akaendelea. "Nimesoma habari za Mngoni, za Mhehe, za jeneza. Za mtoto sijaona. Kwa hiyo nyie wazazi tokeni nje. Atanijibu mwenyewe."

Tulitoka. Mlango ukafungwa. Nje kuna korido na madirisha ya nondo yenye wavu, vioo vimefunguliwa kwa ajili ya joto, na chini ya dirisha kuna ua limepandwa kwenye kopo la rangi. Nikalipenda ghafla lile ua. Nikaliinamia kulichunguza majani. Valerian naye akaja kulichunguza.

Nikawa nasema moyoni, ongea mwanangu, sema udaktari, sema chochote.

"Sijui kama ni jambo kubwa," tukamsikia Noela.

"Sema hivyohivyo."

"Mie nataka kuondoka nyumbani."

Mama Elinaza akauliza taratibu, "Kuna mtu anakuonea?"

"Hapana! Hakuna. Wananipenda. Ila wananipenda kwa sauti." Sasa maneno yakawa yanatoka haraka kama yalipangwa siku nyingi. "Randa inaanza saa mbili. Wateja wanaingia. Baba anatania kila mtu, hata mie nikiwa nimekasirika ananitania, nikilia ananitania, mpaka nacheka, halafu nasahau nilikuwa nalia nini. Mama anagomba. Siyo mbaya, anagomba tu. Akimaliza kumgombeza baba anahamia kwa mteja, mteja akiondoka anahamia kwenye redio. Nikiwa na jambo langu nataka kusema, nasubiri wamalize. Hawamalizagi. Mwisho nalisahau. Wananiuliza nataka kuwa nani nikikua, sijui, mama mkuu, sijawahi kupata nafasi ya kuwaza mpaka mwisho. Nataka nikae mahali nisikie mwenyewe nawaza nini."

Mie mama yake nilikuwa nimeinamia ua la watu, mkono umeshika nondo ya dirisha. Miaka kumi na mitatu nimesema hakuna mama anayempigania mtoto wake kama mie, na nilikuwa nampigania kwa mdomo, asubuhi mpaka jioni, juu ya kichwa chake. Iliniuma. Iliniuma kuliko jeneza na futi yake.

"Ukija huku utawakumbuka?" Mama Elinaza akauliza.

"Nitawakumbuka sana. Ila siyo wiki ya kwanza."

Nikasikia mtu anacheka mule ndani, cheko la kukatika, na nilipogeuka nikaona Valerian naye anacheka na machozi yanamteremka mpaka kwenye kola ya kaunda suti. Alifungua mdomo aseme kitu. Nikajua ni utani. Akaufunga mwenyewe.

Mlango ukafunguliwa. Mama Elinaza alitukuta palepale tumeinama. Hakutuuliza tulikuwa tunafanya nini.

"Ripoti ni tarehe kumi Januari," akasema. "Orodha ya vitu mtapewa na Nawal. Huyu nimemchukua."

Nilikuwa na maneno. Jamani, nilikuwa nayo! Nilitaka kupiga kigelegele korido nzima isikie, nilitaka kumwambia Noela samahani, nilitaka kumwambia asithubutu kunisema tena mbele ya watu, nilitaka kumuuliza huko bweni nani atamsuka nywele. Yote yalinijaa mdomoni kwa pamoja. Noela alitoka, akatuangalia mmoja mmoja, akaona macho yetu, akajua tumesikia. Uso ukambadilika akaogopa.

Nikameza. Sijawahi kumeza kitu kigumu vile. Nikamshika mkono, basi.

Tukatembea mpaka getini kimya, watu watatu, yeye katikati. Tukapita uwanja wa netiboli, tukapita mlinzi, tukaingia barabara ya vumbi. Upepo wa mikorosho unasikika kabisa. Noela alikuwa anatembea anaangalia mbele, midomo inatikisika kidogo, nikaona anawaza kitu. Sikumuuliza anawaza nini. Valerian akashindwa, akavuta pumzi, akafungua mdomo, na mie nikamkanyaga mguu.